Dakika Kumi na Mbili

Al Amerat, Maskati
6 Oktoba 2024

Kwa mdogo wangu Ruqaya binti Khalfan,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Hamdan hajambo, mkewe hajambo, na watoto wao wamerudi skuli. Goti langu la kushoto liko vile vile. Natumai kifua chako kimetulia, na kwamba unameza dawa kwa wakati wake na si kwa wakati unaoupenda wewe.

Joto limetuachia. Jumatano iliyopita nilizima kiyoyozi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Aprili nikafungua madirisha yote, na nyumbani zikaingia sauti ambazo sikuzisikia kwa nusu mwaka: mbuzi wa jirani, mtu anayegonga nondo, mtoto anayesoma juzuu. Kwenu sasa ni vuli na mnangoja mvua. Huku vuli yetu ni upepo tu, unaoshuka majabalini baada ya Alasiri, na watu wazima wanatoka na viti kukaa mbele ya malango yao kama waliotolewa kifungoni. Mimi pia nakaa. Ijumaa Hamdan alinipeleka Qantab kununua samaki, tukamla pale pale pwani, jambo ambalo mwezi wa Agosti lingetuua.

Hamdan ameninunulia kompyuta. Nilimwambia siitaki. Ameiweka chumbani kwangu, juu ya meza niliyokuwa nikisahihishia madaftari, na barua hii naiandika kwayo, kwa vidole viwili. Nitaituma kwa Shahad, binti wa jirani yako, naye ataichapisha akuletee. Ndani ya kompyuta hiyo Hamdan ametia taarabu za zamani zilizorikodiwa Unguja kabla sijaondoka. Nazisikiliza kila siku baada ya Alasiri, dirisha likiwa wazi. Ninajua utashangaa, na ninajua nilivyokuwa. Nilikuwa nimesahau, mdogo wangu, kwamba fidla inaweza kusema jambo ambalo mtu mzima hawezi kulisema bila ya kujiaibisha.

Hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia. Hamdan amepata chombo kidogo: unaingiza kaseti, unakiunganisha na kompyuta kwa waya, na kila kilichomo kinahamia humo na hakichakai tena. Unakumbuka kaseti ya mama. Wakati ule kaseti zilikuwa adimu Unguja, nasi desturi yetu ilikuwa kujibizana juu ya kaseti ile ile moja. Yeye anasema, mimi nasikiliza, nairudisha mwanzo, nasema juu ya maneno yake, naipeleka. Naye anafanya vivyo hivyo. Kila jibu lilifuta kile kilichojibiwa. Mara ya mwisho ilibaki kwenu. Nataka kuisikia sauti ya mama. Itafute katika sanduku lake uniletee kwa mkono wa msafiri yeyote.

Katika barua yako ya mwezi wa Julai mna makosa matatu ya upatanisho. Nimeyapigia mstari. Tukionana nitakuonyesha.

Kaka yako,
Msellem bin Khalfan


Kikwajuni, Unguja
29 Oktoba 2024

Kaka yangu Msellem,

Waalaikum salaam. Mie nipo, nnapumua. Kifua kinakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Shahad kaniletea barua yako imechapishwa kwa herufi kubwa, kama zile nilizokuwa nikizibandika ukutani nilipokuwa nikisomesha chekechea. Nikamsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye makosa matatu akacheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama wewe ulikuwa hivyo tangu mdogo. Nikamwambia ulizaliwa na kalamu nyekundu.

Vuli imeanza. Chumba cha mama kinavuja pembeni, pale pale kilipokuwa kikivuja siku zote. Fundi amekuja mara mbili kutazama, na mara zote mbili ametazama.

Unasikiliza fidla. Nimeirudia sentensi hiyo, nikaiacha, nikaenda kupika, nikarudi nikaisoma tena. Wewe uliyeondoka kwenye harusi ya binti wa mjomba kabla ya chakula kwa sababu waliingiza ala. Haya. Kila mtu na majira yake.

Kaseti ipo. Lakini humo, kaka, hamna cha kukufaa. Sauti iliyomo ni yako, jibu lako la mwisho la mwaka tisini na moja. Mama aliishi miezi sita baada yake wala hakurikodi tena. Usisumbue msafiri wa watu.

Wabusu watoto wa Hamdan.

Ruqaya


Al Amerat, Maskati
10 Novemba 2024

Kwa Ruqaya,

Assalaam alaikum. Hatujambo wote. Hali ya hewa imekuwa nzuri mno hata Hamdan anatoka na kikombe chake cha chai kukaa nami nje, naye ni mtu ambaye kwa kawaida namwona mgongo tu, akiwahi barabara ya mlimani kwenda kazini.

Fundi mwambie alete ngazi. Mafundi wasioleta ngazi hawana nia.

Ruqaya, barua yako sikuielewa. Mama hakupata kukaa wiki tatu bila ya kunijibu. Nilidhani jibu alilirikodi, kaseti ikakwama au ikakosa msafiri. Sasa unaniambia ilikuwa nzima, iko sandukuni, na mama alikaa nayo miezi sita akanyamaza. Kwa nini?

Nimekumbuka jambo jingine. Nilipokuja kwenye tanzia yake nilikaa siku tatu. Siku ya pili baada ya watu kuondoka tulibaki sebuleni, wewe na mimi. Ulikuwa ukinitazama kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Mimi nikazungumza juu ya bati la chumba cha mama. Ulikuwa ukingoja nini?

Ilete kaseti. Hata kama ni sauti yangu tu. Mimi ni mkubwa wako na hili ni ombi la pili; la tatu halitakuwa ombi.

Msellem


Kikwajuni
2 Disemba 2024

Kaka,

Salamu nyingi. Kaseti hiyo, kwa mkono wa Bi Hamdiya, anayekwenda kumtazama binti yake Darsait. Hamdan aende akaichukue huko, Bi Hamdiya hajui kwenu na miguu yake si ya kupanda majabali.

Unaniuliza nilikuwa nikingoja nini. Usinifanye mtoto. Ulitakwa neno moja, ukanyamaza, nasi tukakuelewa. Miaka thelathini na tatu sijakukumbusha wala sikukuvunjia heshima mbele ya mtu, na sitaki kuanza leo.

Mvua imekwisha. Fundi kaleta ngazi.

Ruqaya


Al Amerat
19 Disemba 2024

Kwa mdogo wangu Ruqaya,

Assalaam alaikum. Watoto hawajambo. Siwezi kuandika salamu zaidi ya hizi.

Hamdan alichelewa kwenda Darsait kwa ajili ya kazi, kisha hakumkuta Bi Hamdiya, kisha akaenda tena. Kaseti imenifikia juzi. Tumeiingiza jana baada ya Alasiri. Sauti, kwenye kioo cha kompyuta, huonekana. Inachorwa kama safu ya milima, na mtu anaiona yote kwa mara moja, mwanzo hadi mwisho, kabla hajaisikia. Yangu ilikuwa pana na nyeusi, dakika kumi na mbili. Kisha mstari mtupu. Kisha ikaanza milima mingine, midogo, ikaendelea mpaka ukingoni.

Nilisikiliza zangu kwanza. Ninamwambia mama asiache wanawake wakae sebuleni kuimba, kwa kuwa nyumba ile ni nyumba ya Khalfan. Ninamwambia atengeneze bati. Ninamsahihisha tarehe aliyokosea. Ninamwambia kanzu zimefika lakini mikono mifupi. Hamna neno la upole hata moja, Ruqaya, nililitafuta. Kisha nasema wassalaam, na mlio wa kitufe.

Kama si ile milima midogo ningezima. Ikaja fidla. Peke yake, karibu, kama aliyeipiga amekaa mbele ya mashine akishusha pumzi. Hamdan akaniuliza ni nani. Nikamwinulia mkono angoje. Kisha mama akasema. Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Umeisikia, mwanangu? Huyo Humaid, yupo hapa sebuleni, kaja na adabu zake zote. Mchana anasomesha skuli, na msikitini yumo katika safu ya kwanza, usitazame fidla. Amemposa Ruqaya, na Ruqaya ametaka. Baba yenu hayupo, walii wake ni wewe. Tupe neno moja humu ndani kwamba umeridhia, na jina la mtu unayempa uwakala amwozeshe. Mwenyewe yupo hapa, kajifunika uso. Tunangoja sauti yako."

Na nyuma yake mtu anacheka kidogo, amejizuia. Ni wewe.

Sikusikia. Naapa kwa aliyeniumba, maneno haya nimeyasikia jana kwa mara ya kwanza.

Nitakueleza ilivyokuwa, nawe utahukumu. Kaseti ilipofika mwaka ule nilikaa kuisikiliza. Mama alisalimu, akataja waliozaliwa, akataja waliokufa, akataja kanzu. Kisha ikaanza fidla. Nikakasirika kwamba mama ameniingizia ala nyumbani mwangu bila ya kunitaka idhini. Nikazima. Nilidhani kilichobaki ni wimbo. Nikairudisha mwanzo nikarikodi jibu.

Nimefundisha watoto kuandika barua kwa miaka ishirini. Niliwaambia wote: salamu mwanzo, habari za nyumbani zifuate, na jambo lenyewe lije mwisho. Mama hakusoma skuli, lakini barua yake aliipanga hivyo hasa. Nami nilisikiliza salamu.

Kama ningekuwa mtu wa maneno mengi, jibu langu lingefuta na hilo pia. Limebaki kwa sababu sikuwa na mengi ya kumwambia mama yangu.

Nijibu. Niambie Humaid yuko wapi. Niambie mama alisema nini aliposikia dakika zangu kumi na mbili. Niambie lolote.

Msellem


Al Amerat
4 Januari 2025

Ruqaya,

Assalaam alaikum. Sijapata jibu. Shahad ameniandikia kwamba barua alikupa mkononi siku ile ile, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaitia kwenye droo ya cherehani. Nimemuuliza kama unaumwa. Amesema hapana, unakwenda sokoni. Basi huumwi, na jibu hulitaki.

Hali ya hewa ni ile ile niliyokusifia. Jirani wanachoma nyama nje na kunikaribisha. Nimefunga madirisha. Taarabu nimemwambia Hamdan aitoe, na yeye, kwa kudhani ananisaidia, amenionyesha kwamba anaweza kuikata sauti yangu kwenye kompyuta, dakika zote kumi na mbili, kwa kubonyeza mara moja, ibaki fidla na mama tu. Nilimkemea hata mkewe akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Nilianza kukuandikia barua ya kujitetea. Nilitaja ujana wangu, na ugeni, na jinsi tulivyokuwa huku miaka ile tukitaka kuonekana watu wa dini kuliko waliotupokea, kwa kuwa tulikuja na lugha nyingine mdomoni. Nimeifuta. Yote ni kweli, na hakuna hata moja kati ya hayo lililonizuia kuiacha kaseti iendelee.

Mimi nina miaka sabini na sita. Dhambi iliyo baina yangu na Mola wangu nitamwomba Yeye. Hii ni haki yako, na haki ya mja haisamehewi mpaka mwenyewe asamehe. Hilo ulilifundishwa chuo cha Kurani kabla ya kujua kusoma. Sina mlango mwingine wa kugonga ila wako. Niandikie hata matusi.

Ningekuja. Mara mbili nimemwambia Hamdan anikatie tiketi na mara mbili nimemrudisha, kwa sababu hujaniambia njoo.

Msellem


Al Amerat
22 Januari 2025

Ruqaya,

Sijui kama barua zangu unazisoma au unazitia drooni tu. Kama hii unaisoma, nakuomba neno moja.

Nimeandika sentensi hiyo kisha nikaona ni maneno ya mama. Siyafuti.

Msellem


Kikwajuni, Unguja
9 Februari 2025

Kaka yangu Msellem,

Waalaikum salaam. Ntaanza na salamu kama ulivyowafundisha wanafunzi wako. Mie sijambo. Chumba cha mama hakivuji tena. Shahad amefaulu mtihani na mama yake kapika pilau la mtaa mzima. Barua hii anakuja nayo Bi Hamdiya, maana hakai nyumbani wiki mbili ila anakumbuka kitu Darsait.

Barua zako nimezisoma zote. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira ambayo sikuijua, mpya kabisa, nikawa siwezi kuitumia. Nikaona niikalie mpaka nijue inataka nini.

Umeniuliza mama alisema nini. Kaseti ilipokuja tulikaa watatu: mama, mie, na Humaid, yeye nje barazani kwa kuona haya. Tukakusikiliza. Bati, tarehe, mikono ya kanzu. Mama akasema subirini, ndugu yenu jambo zito huliacha mwisho. Ukasema wassalaam. Kikalia kitufe. Kisha tukasikia fidla, na mama mwenyewe akiomba, na mie nikicheka. Tulijisikia sisi wenyewe, kaka, baada yako. Mama akazima. Akasema, "Kasikia. Hajataka hata kututaja." Akaiweka kaseti sandukuni.

Humaid hakuuliza. Aliona tu vile mama alivyomtilia chai. Watu wakatwambia twende kwa kadhi, kwamba walii akizuia bila ya sababu, kadhi huozesha. Mama akakataa. Alisema hatampeleka mwanawe mbele ya kadhi kwa jambo la harusi. Nami sikutaka kumpita mama. Miezi sita akafa. Ulipokuja tanzia nikasema sasa atasema, hata kama ni hapana, nisikie kwa masikio yangu. Ukasema bati.

Mwanamwali akiulizwa akinyamaza, huhesabiwa kuwa amekubali. Nilikaa nikijiuliza kunyamaza kwa walii huhesabiwa nini, na hakuna niliyeweza kumuuliza.

Humaid alingoja mwaka mmoja na zaidi. Kisha akahamia Tanga, akaoa, akazaa. Amefariki mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. Nilipanda boti nikaenda hitima yake, nikakaa nyuma kabisa na wanawake wa mtaa. Mkewe akaniuliza mie ni nani wao. Nikasema nilikuwa nikisomesha naye skuli moja. Akanishukuru kwa kuja, akanipa halua nirudi nayo.

Sasa ntakwambia ile hasira. Miaka yote hii nilikuwa na kaka aliyenikatalia. Niliweza kuishi naye. Nilijiambia Msellem ni mtu wa msimamo, kafikiri, kaona fidla haifai kwa binti wa Khalfan, kanyamaza ili asituumize kwa maneno. Nilikupa sababu nzuri kuliko uliyokuwa nayo. Nilikuheshimu kwayo. Ndiyo iliyonifanya nikuandikie kila Idi, nikajibu barua zako, nikavumilia kalamu yako nyekundu. Leo unaniambia hakukuwa na msimamo. Unaniambia mie na Humaid na mama tuliangushwa na kidole chako kwenye kitufe. Unataka nikushukuru kwamba hukunikataa?

Unaomba radhi. Mie mwaka ule sikuomba radhi, niliomba jibu. Mama kafa hajajibiwa, na Humaid kafa hajajibiwa, na mie nna miaka sitini na minne. Basi nijibu. Usiniambie ungependa kusema nini leo, ukiwa mzee na unaogopa. Niambie Msellem wa mwaka ule, laiti angeiacha kaseti iendelee, angesema nini.

Na usinidanganye kwa huruma. Ntajua. Nakujua kuliko Hamdan anavyokujua.

Sauti yako usiikate. Nimeishi nayo muda wote huu, na wewe ishi nayo.

Ruqaya


Al Amerat, Maskati
20 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Ruqaya binti Khalfan,

Waalaikum salaam. Namshukuru Mungu kwa afya yako na kwa chumba cha mama. Mpongeze Shahad kwa mtihani wake, umwambie nimesema mwenyewe. Huku joto limeanza kurudi. Mchana wa jana tuliwasha kiyoyozi kwa saa mbili. Majira niliyokuandikia kwa furaha ile yanakwisha, na nusu yake nimeipitisha nyuma ya madirisha yaliyofungwa.

Barua yako imekaa mezani siku nne. Siku ya kwanza niliandika jibu moja, kwa haraka. Niliandika kwamba ningeridhia. Nilipanga na sababu: kwamba mama aliomba vizuri, kwamba mtu alikuwa mwalimu kama mimi. Lilikuwa jibu zuri, halina kosa. Nilitaka sana ulipate. Nilitaka unisamehe kabla ya Ramadhani, nifunge nikiwa mwepesi. Nililichapisha kwenye karatasi nikalikunja kwa ajili ya Bi Hamdiya, Hamdan akawa na ufunguo wa gari mkononi. Nikamwambia angoje.

Nikarudi chumbani nikaiweka kaseti, upande ule ule, tangu mwanzo. Safari hii sikusikiliza maneno, nilimsikiliza yule mtu. Ana miaka arobaini na mitatu. Anamsahihisha mama yake. Nilimuuliza swali lako, Ruqaya, na nilimsikia akijibu vizuri kabisa, kwa sauti ile ile.

Ningekataa.

Ningesema kwamba binti wa Khalfan haolewi na mpiga fidla. Ningesema na neno juu ya kabila lake, ambalo siliandiki hapa. Ningemlaumu mama kwa kumkaribisha sebuleni. Zingekuwa dakika ishirini na tano, si kumi na mbili, na zingefuta kila kitu, fidla na maombi na kicheko chako, na leo hii pasingekuwapo na cha kusikiliza.

Lakini ungesikia. Mama angelia siku mbili, kisha angeirudisha kaseti na maneno yake juu ya yangu. Mara ngapi nilimkatalia jambo akashinda? Nyumba hiyo ya Unguja nilitaka iuzwe, haikuuzwa. Sisemi kwamba kwa hili ningekubali mwishoni. Sijui, nawe umenikataza kudanganya. Nasema kwamba kaseti ingekwenda na kurudi, na ungekuwa na mtu wa kugombana naye, na kadhi pia angekuwa na hapana ya kuivunja. Nilikunyima hata hapana.

Hili ndilo jibu. Limechelewa miaka thelathini na tatu na ni baya. Sina jingine.

Sikuikata sauti. Kaseti haitarikodiwa tena na mtu yeyote. Sikuombi kitu katika barua hii.

Kaka yako,
Msellem


Unguja
27 Februari 2025

Kaka,

Nimekaa na Shahad mbele ya kompyuta yake, nasema yeye anaandika, kwa hiyo makosa yatakayokuwapo ni yake. Anasema hapana, ni yangu.

Jibu lako limefika Jumatatu. Nililisoma, nikalia, kilio ambacho nilikuwa nimekiweka tayari tangu nna miaka thelathini na moja na sikukipatia siku yake. Kisha nikaoga, nikavaa dera safi. Mama yake Shahad akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kaka yangu kakataa posa yangu. Akadhani nimeanza kupotewa na akili.

Nimekusamehe kunikatalia. Nasema mbele ya Shahad ili awe shahidi, na Mungu ni shahidi kabla yake.

Kutonisikiliza bado. Hilo ni jengine na nimelijua kwa miezi miwili tu. Ile hapana nilikuwa nayo maisha mazima. Niachie. Usiniulize katika Ramadhani. Ukitaka kuja baada ya Idi, njoo. Chumba cha mama hakivuji.

Shahad anasema Hamdan anaweza kuituma ile sauti ikaingia humu. Aitume. Yote, na zako mwanzo. Ntakaa nizisikilize tena dakika kumi na mbili, mpaka nifike kwa Humaid.

Fungua madirisha, joto halijakaza bado.

Ruqaya